Kolwezi haioni Likasi, lakini kosa si la intaneti

Bwana Mhariri, jambo.

Naandika kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba, naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji. Nimesoma barua nyingi za watu wanaolalamika eti rezo (mtandao wa kompyuta) ya buro zao haitembei juu intaneti yetu huku ni mbovu, na kweli kuko siku ni mbovu, siwezi kukataa, lakini mimi kazi yangu ya kila siku ni kuunganisha matawi ya watu, farmasia, maduka ya vipuri, mashule, na mara nyingi nikiitwa nakuta intaneti iko sawa kabisa, kitu kinachokosekana ni njia. Pakiti, yaani kile kifurushi kidogo cha habari ambacho kompyuta inatuma, haijui ipite wapi. Na mwenye buro ameshatoa pesa ya kununua intaneti kubwa zaidi, dawa ambayo haikuwa ya ugonjwa wake. Hiyo inaniuma, njo maana naandika.

Niseme kisa kimoja. Kuko bosi mmoja ana farmasia hapa Lubumbashi na matawi kwenye miji ya Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Watu waliomwekea rezo, sitawataja, walimwekea ule mtindo ambao makao, yaani buro kubwa ya Lubumbashi, yanakaa katikati na kila tawi linafunga tuneli moja tu (njia ya siri inayopita ndani ya intaneti) mpaka makao, basi. Angalia gurudumu la kinga, zile baiskeli zinazotuletea makala ya kupikia kutoka porini: spoku zote zinaishia pale katikati, hakuna spoku inayoshika spoku mwenzake. Mtindo wenyewe ni mzuri, mimi pia nautumia. Ukitaka kila mahali pafungwe moja kwa moja na kila mahali, buro 4 zinataka tuneli 6, na buro 10 zinataka tuneli 45, nani atazitunza? Kwa gurudumu, buro 10 ni tuneli 9. Tena ni makao peke yake yanayohitaji anwani ya intaneti ya kudumu, matawi yanaweza kukaa kwenye intaneti ya simu ambako wateja wengi wanafichwa nyuma ya anwani moja, juu tawi lenyewe njo linapiga hodi makao, na linaendelea kupiga hodi kila sekunde 25 hivi mlango usifungwe.

Siku ya kupokea kazi walikaa Lubumbashi kwenye ofisi ya bosi, wakapiga pingi (kale kaswali kafupi ka kuuliza mashine «uko?») Likasi ikajibu, Kolwezi ikajibu, Kasumbalesa ikajibu, watu wakafurahi, bosi akatia sahihi na kulipa pesa iliyobaki. Hakuna mtu aliyekaa Kolwezi akapiga pingi Likasi.

Sasa sikia kilichotokea. Baba mmoja akaingia farmasia ya Kolwezi anatafuta insulini ya mtoto wake, na Kolwezi ilikuwa imeisha. Kila tawi liko na kompyuta yake ya stoki, kwa hiyo mama wa depo akafungua programu achungulie stoki ya Likasi, skrini ikazunguka weee, mwisho ikaandika hakuna jibu. Akajaribu Lubumbashi, ikafunguka palepale, na insulini iko. Akarudi tena Likasi, hakuna. Akapiga simu, dada wa Likasi alikuwa na foleni ya watu kwenye kaunta, hakushika. Basi akamwambia yule baba, kitu ninachoweza kuona kiko Lubumbashi, na baba akapanda basi. Jioni dada wa Likasi akarudisha simu: iko, visanduku vitano kwenye frigo. Yule baba alikuwa amepita Likasi mchana, barabara ni ile ile moja, akapita kando ya dawa ya mtoto wake akaendelea kilomita zingine karibu 120 bila kujua.

Bosi akauliza kosa ni la nani, wale watu wakamjibu intaneti ya Kolwezi ni ndogo. Akapandisha abonema ya intaneti mara mbili. Miezi mitatu akalipa hiyo, na Likasi haikuonekana hata siku moja. Njo nikaitwa mimi.

Sikusafiri, nilikaa Lubumbashi kwenye ruta ya makao, ile boksi inayoelekeza pakiti, na simu sikioni. Mama wa depo akaniambia neno ambalo lilinisaidia kuliko kipimo chochote: «Papa fundi, Lubumbashi ninaiona muzuri sana, Likasi haiko. Si polepole, haiko kabisa.» Fikiria sana hiyo tofauti. Intaneti ikiwa ndogo kitu kinakuja polepole, kinakatika, kinarudi. Kitu ambacho hakiko kabisa, saa zote, mchana na usiku, wakati jirani yake anaonekana vizuri kwa waya ule ule, hicho si ukubwa wa intaneti, hiyo ni njia haijaandikwa.

Nikaingia kwenye ruta ya Kolwezi niangalie orodha yake ya njia. Lubumbashi walikuwa wameipa anwani 10.10.1.0/24, Likasi 10.10.2.0/24, Kolwezi 10.10.3.0/24, maana yake namba tatu za kwanza njo jina la tawi na ya mwisho ni ya kila kompyuta, mpango mzuri tu. Lakini ruta ya Kolwezi ilijua vitu vitatu: nyumba yangu ni 10.10.3, Lubumbashi 10.10.1 inapita ndani ya tuneli, na kila kitu kingine tupa kwenye intaneti. Likasi iko wapi hapo? Iko kwenye «kila kitu kingine». Basi mama wa depo akiomba stoki ya Likasi, ruta inachukua ile pakiti inaitupa nje kwenye intaneti ya wote, na anwani zinazoanza na 10 tangu 1996 zimewekwa ni za ndani ya nyumba za watu, pamoja na zile za 192.168 na zile za kutoka 172.16 mpaka 172.31, hakuna kampuni ya intaneti inayozipeleka popote. Pakiti inafia mlango wa kwanza na hakuna anayekuja kutoa habari ya kifo. Nunua intaneti mara kumi, itafia palepale, labda kwa haraka zaidi.

Dawa kwa tawi ni mstari mmoja. Unaambia Kolwezi: 10.10.0.0/16 yote ipite ndani ya tuneli, yaani kila anwani inayoanza na 10.10, tawi lolote, hata lile litakalofunguliwa mwaka kesho. Vijana wengi wanaogopa hapo, wananiuliza sasa si itapeleka na pakiti za Kolwezi yenyewe Lubumbashi? Hapana. Ruta inafuata njia iliyo nyembamba kuliko zote, 10.10.3.0/24 iko kwenye ukuta wake mwenyewe na ni nyembamba kuliko /16, kwa hiyo za nyumbani zinabaki nyumbani.

Nikafanya hivo Kolwezi. Bado haikutembea, na hapa njo watu wengi wanakata tamaa wanarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kumbe wamefanya nusu ya kazi. Njia ni kwenda na kurudi. Ile rezo ilikuwa ya WireGuard, programu ya kufunga tuneli, na kwenye WireGuard ule mstari wa AllowedIPs, yaani anwani zinazoruhusiwa, unafanya kazi mbili: pakiti ikitoka, mstari ni orodha ya njia, na pakiti ikiingia, mstari huo huo ni mlinzi wa mlango. Likasi ilikuwa imeandikiwa 10.10.1 peke yake. Kwa hiyo pakiti ya Kolwezi ikifika Likasi kupitia tuneli ya makao, mlinzi anaangalia imetoka 10.10.3, anasema huyu simjui, anaitupa, na haandiki popote kwamba ameitupa. Unaweza kukaa siku mbili unatafuta. Nikaweka 10.10.0.0/16 Likasi pia.

Sasa makao. Makao ni kinyume, na niombe vijana washike hiki: kwenye ruta ya makao usiandike /16 kwa tawi lolote, kila tawi liandikiwe anwani zake tu, Likasi 10.10.2.0/24, Kolwezi 10.10.3.0/24. Nimeona mahali pengine fundi ameandika /16 kwa Likasi, halafu akanakili mstari ule ule kwa Kolwezi, na WireGuard haikubali watu wawili wawe na anwani moja, anayeandikwa mwisho njo anachukua. Likasi ikazimika dakika ile ile. Fundi akasema tawi la Likasi limekatwa intaneti.

Kisha makao lazima yakubali kupitisha pakiti za wengine. Kompyuta ya Linux ikitoka dukani haipitishi, inapokea zake tu, lazima uweke ip_forward, ile swichi ya kupitisha pakiti, iwe 1, na uiweke kwenye faili la kudumu maana umeme ukikatika na mashine ikiwaka upya inarudi 0, na hapa kwetu umeme unakatika. Halafu kuko fayawoli, ile programu inayoamua nani apite na nani asipite. Hii ya bosi ilikuwa imeruhusu kutoka tuneli kwenda buro ya Lubumbashi na kutoka buro kwenda tuneli, lakini kutoka tuneli kurudi ndani ya tuneli ile ile ilikuwa imefungwa, na pakiti ya Kolwezi kwenda Likasi inafanya hivo hasa, inaingia kwa wg0, ambalo ni jina la mlango wa tuneli, na kutoka kwa wg0 hiyo hiyo. Nikaandika ruhusa.

Ukiangalia ramani hii safari inashangaza kidogo. Mtu akitoka Kolwezi kwenda Likasi anashuka Likasi, basi. Pakiti inafika Lubumbashi, karibu kilomita 300, ndipo inageuka kurudi Likasi. Bosi aliponisikia akasema si ni kupoteza muda? Si kupoteza. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, huo mzunguko wa kilomita 420 ni kama sehemu mbili tu kati ya elfu moja za sekunde kwa kwenda, mama wa depo hawezi kuuhisi. Mambo yanabadilika kama mtu amekodi serveri ya katikati Ulaya juu hana anwani ya kudumu hapa, hapo Kolwezi inaongea na Likasi kwa kuvuka bahari mara mbili. Inatembea, lakini unahisi kabisa.

Baada ya hayo yote pingi kutoka Kolwezi ikafika kwenye ruta ya Likasi. Nikashangilia. Lakini kompyuta ya stoki ya Likasi bado haikujibu! Nikaweka tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti zinazopita, pale makao niangalie kwa macho: ombi la Kolwezi linaingia, linatoka kwenda Likasi, na hakuna kinachorudi. Lakini Lubumbashi ikiuliza kompyuta ile ile inajibu palepale. Nikampigia yule dada wa Likasi.

«Yaya, uko mbele ya kompyuta ya stoki? Fungua ule ukurasa wa rezo nilikuonyesha. Kuko mstari wameandika pasereli. Nisomee namba.»

«10.10.2.254, papa.»

«Na ile boksi mpya, nyeusi, wamebandika karatasi ya namba gani juu?»

Akasogea, nikasikia kiti kinaburuta. «Hii iko 10.10.2.1. Lakini kuko na ile modemu ya zamani hapa chini ya meza, taa inawaka.»

Ndiyo hiyo. Modemu ya zamani haikutolewa. Kompyuta ya stoki ilikuwa bado inaamini mlango wa kutokea, njo ile pasereli, ni modemu ya zamani, na wale mafundi badala ya kuibadilisha mlango walipigilia njia moja kwa mkono ndani ya kompyuta ile, ya kwenda Lubumbashi peke yake, pingi ikajibu, wakaondoka. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inapokea swali la Kolwezi, inaandika jibu zuri, na kulitupa chini ya meza kwa modemu ambayo haijui Kolwezi ni nini. Miezi mitatu kosa hilo lilikuwa linangoja pale chini, sentimita hamsini kutoka miguu ya yule dada. Nikamwambia abadilishe pasereli iwe 10.10.2.1, tukafuta ile njia ya mkono, tukazima modemu. Nikarudi kwa simu ya Kolwezi, mama akabonyeza, nikasikia amenyamaza, halafu: «Papa, Likasi imekuja. Ninaona stoki yote.»

Kasumbalesa haikuwa na shida kubwa ila moja. Waliiacha na anwani ya kiwandani ya modemu, 192.168.1.0/24, na bosi anataka kufungua tawi Kipushi ambako modemu iliyonunuliwa ina anwani hiyo hiyo. Avenyu mbili za jina moja na namba za nyumba zile zile, makao yatapeleka barua wapi? Siku ya yenga (Jumapili) tukabadilisha Kasumbalesa iwe 10.10.4.0/24, Kipushi itakuwa 10.10.5.0/24. Fanyeni hii mapema, tawi likiwa na kompyuta tatu ni saa moja, likiwa na thelathini na printa na kamera ni wiki.

Kuko njia ya mkato ambayo mafundi wengine wanaitumia na mimi siikubali, ya kufanya makao yabadilishe anwani ya kila anayepita ili Likasi ione kila mtu kama ni Lubumbashi. Inatembea ndiyo, na unaruka kuandika njia za kurudi. Lakini siku dawa imetolewa kwenye stoki ya Likasi na mtu hajulikani, daftari la kompyuta litaonyesha Lubumbashi, Lubumbashi, Lubumbashi. Kwa farmasia hiyo haifai.

Wale wenye matawi ishirini na zaidi wasiandike njia kwa mkono, waweke OSPF ao BGP, lugha ambazo ruta zinatumia kufundishana njia zenyewe. Na wanaokuta ruta za zamani zenye RIP ao EIGRP, lugha zingine za aina hiyo, wajue mtego huu: ruta hizo zina sheria ya kutorudisha habari kwa mlango ule ule ilipoingilia, ni sheria nzuri ya kuzuia pakiti zisizunguke bila mwisho, lakini kwenye gurudumu matawi yote yanaingia kwa mlango mmoja wa makao, kwa hiyo makao yanajifunza Kolwezi na hayaiambii Likasi. Lazima uizime pale makao, kwenye mlango huo tu.

Bosi mwingine atasema mimi sitaki matawi yaonane, virusi ikiingia Kasumbalesa isifike Kolwezi. Ni sawa kabisa, hata kompyuta ya hesabu pale Lubumbashi tumeifunga, tawi halifiki. Lakini hiyo iamuliwe, iandikwe kwenye fayawoli kwa jina, hii ndiyo, hii hapana. Isiwe imetokea tu juu fundi alisahau mstari halafu tunaiita usalama.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye buro wanaosoma gazeti lenu. Siku ya kupokea kazi msikae makao. Mtu wenu mmoja akae Kolwezi, mwingine Likasi, wapigiane simu, kila mmoja afungue kompyuta ya mwenzake, si pingi ya ruta peke yake, kompyuta yenyewe ambayo watu wataitumia, na watume faili kubwa pia, juu tuneli inakula nafasi ndani ya pakiti, WireGuard kwa kawaida inaacha bayiti 1420 kwa kila pakiti badala ya 1500, na kuko laini ambako hata 1420 haipiti, pingi ndogo inapita lakini faktire (ankara) yenye picha inakwama katikati. Halafu zimeni ruta ya makao, iwasheni tena, mjaribu upya yote. Pesa ya mwisho itoke baada ya hapo. Na daini karatasi: kila tawi anwani yake, kila ruta njia zake, pasereli ya kila kompyuta ya kazi. Wekeni na betri nzuri pale makao, maana katikati ikizima, spoku zote zimezima hata kama Kolwezi wana umeme.

Yule bosi amerudisha abonema ya Kolwezi kama ilivyokuwa mwanzo. Karatasi yake nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la rezo hapa Lubumbashi, na nakala moja Likasi, ukutani juu ya frigo, dada mwenyewe alichagua pale.

Asante kwa nafasi.

Fundi wa rezo,
Katuba, Lubumbashi